Jinsi ya Kuupa Ukuta wa Sebule Sura ya Lipu ya Kale kwa Rangi ya Maji

Katika nyumba nyingi zinazojengwa sasa Moshi na Arusha, kuanzia Rau na Pasua hadi Njiro na Sakina, kuta za ndani hupakwa krimu au nyeupe kutoka mlangoni hadi jikoni, na mwenye nyumba anayetamani walau ukuta mmoja wenye urembo hununua karatasi za ukutani ambazo, zikibandikwa juu ya lipu yenye unyevunyevu, huanza kuachia pembeni masika yakiingia. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo nimeifanya kwa mikono yangu katika nyumba za watu na katika nyumba yangu mwenyewe: kuupa ukuta sura ya lipu ya chokaa iliyokaa miaka mingi, kwa kutumia rangi ya maji ya kawaida, vanishi angavu ya maji na vipande vya kanga kuukuu. Ukuta uliofanywa vizuri huonekana kama una mawingu mepesi yanayoingiana, pengine pamekolea, pengine pamefifia, na jicho halioni mahali brashi ilipoanzia wala ilipoishia.

Kuigiza mawe na lipu kwa rangi si jambo la jana. Watu wa Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, walikuwa wakipaka lipu za nyumba zao zifanane na marumaru, na baadhi ya kuta hizo zinatazamwa hadi leo.

Kinacholeta sura hiyo ni mwanga. Rangi ya kawaida huziba: mwanga hugonga uso wake na kurudi. Katika kazi hii tunapaka kwanza rangi ya chini inayoziba, kisha juu yake tunaweka rangi nyembamba inayopitisha mwanga, ambayo mafundi huiita glezi. Mwanga hupenya glezi, hugonga rangi ya chini na kurudi tena kupitia glezi, na kwa kuwa unene wa glezi haulingani kila mahali, ukuta hupata kina. Kwa hiyo rangi ya chini lazima iwe laini na isiyonyonya, glezi lazima iwe nyembamba, na kazi yote ya kuichezesha glezi lazima ifanyike ikiwa bado mbichi. Nikitakiwa kutaja kitu kimoja kinachoharibu kazi hii kuliko vingine vyote, nitataja ukingo uliokauka, yaani pale kipande kimoja kilipoachwa kikakauka kabla kipande cha jirani hakijaungana nacho. Karibu kila agizo linalofuata limewekwa kwa ajili ya kuuepuka ukingo huo.

Kuchagua ukuta na majira

Anza na ukuta mmoja tu, na uwe ule unaoonekana mtu anapoingia sebuleni au ule ulio nyuma ya makochi. Usichague ukuta wenye milango miwili na soketi tano, kwa sababu kila kikwazo hukusimamisha, na kusimama katikati ya kazi hii ni hasara. Tazama pia mwanga unavyoingia. Ukuta ulio ubavuni mwa dirisha hupigwa na mwanga wa kupita sambamba, ambao huonyesha kila kovu la skrepa na kila tuta la lipu. Ukuta unaolitazama dirisha husamehe zaidi. Huku kwetu, kwa kuwa tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, madirisha yanayoelekea kaskazini, yaani upande wa Kilimanjaro kwa watu wa Moshi mjini na upande wa Meru kwa watu wa Arusha mjini, hupata jua katikati ya mwaka, ilhali Desemba jua huwa limehamia kusini. Ukuta uliokupendeza mwezi wa saba unaweza kuwa na sura nyingine mwezi wa kumi na mbili, na ni vyema ulijue hilo kabla ya kuchagua rangi.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei hayafai, kwa kuwa kuta za nje hunywa maji na hewa ya ndani hukataa kukausha chochote. Baridi ya Juni na Julai inafaa ikiwa ukuta ni mkavu, na kwa kweli mimi huipenda, kwa sababu glezi hukaa mbichi muda mrefu na mkono hupata nafasi ya kufikiri. Januari na Februari, hasa Moshi ambako kuna joto kuliko Arusha, glezi hukauka upesi mno mchana. Anza saa moja asubuhi na uwe umemaliza ukuta kabla ya saa nne.

Unyevu na chumvi

Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, na ndipo nami niliwahi kupita haraka. Miaka kadhaa iliyopita nilipaka ukuta wa sebule moja huko Njiro wiki mbili tu baada ya lipu kupigwa, kwa kuwa familia ilikuwa na sherehe ya kipaimara na walitaka wageni waikute nyumba imependeza. Siku ya sherehe ukuta ulipendeza kweli. Mwezi uliofuata mama mwenye nyumba alinipigia simu akaniambia, "Fundi, njoo uone, ukuta umeota unga mweupe kama umemwagiwa sembe." Nilipofika nikapitisha kiganja, kikarudi na unga mkavu, na chini ya unga rangi ilikuwa imefanya malengelenge madogo yaliyopasuka kwa kuguswa na ukucha. Ilinibidi kukwangua ukuta mzima na kuurudia kwa gharama yangu, miezi miwili baadaye.

Sababu yake ni hii. Lipu ya saruji ikiwa mpya huwa na maji mengi na ukali wa alkali. Maji yanapotafuta njia ya kutoka huja na chumvi zilizoyeyuka ndani yake, yakifika usoni yanakuwa mvuke, na chumvi inabaki chini ya rangi ikiisukuma. Alkali nayo hula gundi ya rangi na kuzifubaza baadhi ya rangi. Lipu mpya ipewe angalau siku 28, na kama ilipigwa wakati wa mvua au baridi, wiki sita hadi nane si nyingi.

Kwa nyumba yenye umri pia usiamini macho. Kata kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kiweke sehemu ya chini karibu na sakafu, na ukiache usiku kucha, ikiwezekana siku nzima. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, au lipu imekuwa nyeusi kuliko ya jirani, ukuta unatoa maji. Ikiwa unyevu uko chini tu na unapungua kadiri unavyopanda, kuna uwezekano mkubwa kwamba maji yanapanda kutoka kwenye msingi, ama kwa sababu nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa juu ya msingi, ama udongo wa bustani nje umerundikwa juu kuliko ngazi ya sakafu. Jambo la pili nimelikuta mara nyingi katika nyumba zilizo kwenye miteremko, na tiba yake ni jembe na mfereji wa kupitisha maji nje kabla ya kufikiria rangi.

Chumvi ikiwa imekwisha kutoka, isugue ikiwa kavu kwa brashi ngumu na uifagie. Usiioshe kwa maji, kwa kuwa utaiyeyusha na kuirudisha ndani ya lipu.

Vifaa

Kwa ukuta wa upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.7, yaani mita za mraba 10.8, rangi ya chini utakayohitaji ni kama lita mbili kwa makoti mawili, yaani kupaka mara mbili, kwa kuwa lita moja kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12. Nunua galoni ya lita nne hata hivyo. Kinachobaki kitakusaidia kwenye ubao wa majaribio na kwenye marekebisho. Chagua rangi ya maji yenye mng'ao mdogo, ile ambayo madukani huitwa silki. Usichukue isiyong'aa kabisa, kwani hunyonya glezi kama tofali linavyonyonya maji, na mahali palipogusa brashi kwanza patabaki na doa.

Utahitaji pia lita mbili za vanishi angavu ya maji isiyong'aa, rangi mbili za maji za kukolezea, lita moja moja tu, praima, yaani rangi ya kutangulia, ya kuzuia alkali ikiwa lipu ni mpya au iliwahi kutoa chumvi, putii, msasa namba 120 na namba 220, rola na trei yake, brashi pana ya inchi 4, brashi ndogo ya inchi 1, brashi moja laini ambayo haitaguswa na rangi mpaka wakati wake, tepu ya karatasi, ndoo mbili, kikombe cha kupimia, ngazi imara, na turubai au magazeti ya kutandika chini.

Kilichobaki ni kitambaa, nacho kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nimejaribu sponji, nimejaribu fulana za mitumba kutoka soko la Memorial, na nimerudi kwenye kanga kuukuu. Kanga iliyofuliwa miaka mingi imepoteza wanga wake, ni nyembamba, na ikikunjwa hufanya mikunjo mingi midogo mikali ambayo fulana, kwa uzito wake, haiwezi kuifanya. Kanga mpya haifai kwa sababu ni ngumu na hutoa rangi. Ukiwa na shaka, lowesha pembe yake, ifinye kwenye karatasi nyeupe na utazame kama karatasi imeingia rangi. Kata vipande kumi hivi vya sentimita 50 kwa 50, na uondoe kingo zote zilizoshonwa, kwa kuwa uzi wa mshono huacha mistari iliyonyooka katikati ya mawingu yako, na mtu akishaiona hawezi kuacha kuiona.

Rangi ya chini

Ondoa vifuniko vya soketi na swichi baada ya kuzima umeme kwenye swichi kuu. Kwangua rangi yote inayoachia. Kama nyumba ni ya zamani na ina rangi ya mafuta, usiisage kwa msasa mkavu, kwani rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha ukuta, sugua ukiwa na maji, vaa barakoa na ukusanye takataka zote kwenye mfuko.

Ziba nyufa na matundu kwa putii, na kama lipu ni ya mikwaruzo, piga skimu, yaani tabaka jembamba la putii, ukuta mzima. Ikikauka, sugua kwa msasa 120 kisha 220. Usiku, zima taa, washa tochi na uishikilie ubavuni mwa ukuta ili mwanga wake upite sambamba na uso. Utaona mabonde na matuta ambayo mchana hayakuonekana. Yazungushie alama kwa penseli, uyashughulikie kesho yake. Glezi hukusanyika mabondeni na kukoleza, kwa hiyo kila bonde lililoachwa litakuwa doa.

Futa vumbi, paka praima ikiwa inahitajika, kisha makoti mawili ya rangi ya chini kwa rola, ukisubiri koti la kwanza likauke kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo. Baada ya koti la pili, acha ukuta upumzike angalau siku nzima. Kabla ya kuendelea, chovya kidole kwenye maji na uuguse ukuta mahali kadhaa. Tone likibaki juu likimetameta kwa dakika nzima, ukuta umefunga vizuri. Likizama na kuacha weusi, paka koti la tatu. Jaribio hili dogo limeniokoa mara nyingi.

Kuchagua na kuchanganya glezi

Rangi za kazi hii zipo nje ya mlango. Rangi ya chini iwe krimu ya maziwa. Glezi ya kwanza iwe rangi ya mchanga mkavu au nyasi za Septemba. Ya pili iwe kahawia yenye wekundu, kama udongo unaouona kingoni mwa barabara ukipanda kwenda Kibosho. Wekundu wa udongo huo hutokana na oksidi za chuma, na rangi zinazotengenezwa kwa oksidi hizo zina sifa ya kuvumilia saruji na mwanga wa jua bila kufifia upesi, ndiyo maana mimi huzipendekeza kuliko zambarau au waridi kali. Tofauti kati ya rangi ya chini na glezi isizidi ngazi mbili au tatu kwenye kadi ya rangi ya dukani. Ukiweka kahawia nzito juu ya nyeupe hutapata lipu ya kale, bali ukuta uliochafuka.

Kipimo changu ni sehemu nne za vanishi angavu, sehemu moja ya rangi na sehemu moja ya maji. Kwa ukuta wetu, mililita 1,000 za vanishi, mililita 250 za rangi na mililita 250 za maji hutoa lita moja na nusu, ambayo inatosha tabaka moja na kubakiza. Changanya rangi na maji kwanza, ndipo umimine vanishi taratibu ukikoroga bila kupiga povu, kisha chuja kwa soksi nyembamba ya nailoni. Changanya yote kwa mara moja. Mchanganyiko wa pili hautalingana na wa kwanza hata ukipima kwa uangalifu gani, na tofauti itaonekana ukutani. Vanishi angavu ikikosekana, rangi iliyolegezwa kwa maji mara tatu yake inaweza kutumika, lakini hukauka upesi sana na hutiririka. Mimi huitumia ukutani pa vyoo na korido tu, penye vipande vidogo.

Kabla ya kuugusa ukuta, paka rangi ya chini kwenye kipande cha ubao au jipsamu cha mita moja hivi, na ufanye kazi nzima juu yake, tabaka zote mbili. Kisimamishe kwenye ukuta unaokusudiwa na ukitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwa imewashwa. Balbu nyeupe za LED hupoza rangi za udongo na kuzifanya zielekee kijivu, na wengi wetu hukaa sebuleni usiku kuliko mchana. Mwite kila mwenye sauti katika nyumba akitazame, maana ni rahisi kubadili ubao kuliko ukuta.

Kuufanya ukuta

Bandika tepu kwenye dari, kuta za jirani na sketingi, na uibonyeze kwa ukucha ili glezi isipenye chini yake. Funga madirisha na uzime feni. Upepo ni adui hadi kazi iishe. Kama ni siku ya joto, nyunyiza maji sakafuni kabla ya kutandika turubai, hewa ya chumba itapoa na kuwa na unyevu. Kula kwanza, na simu iwe chumba kingine.

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anapaka, mwingine anagonga kwa kanga, na wasibadilishane hadi ukuta umalizike, kwa sababu kila mkono una mwandiko wake, na mwandiko wa watu wawili ukutani hutofautishwa hata na mtu asiyejua kazi.

Mpakaji anaanzia pembe ya juu. Anachovya ncha za brashi ya inchi 4 tu, anaifuta ukingoni mwa ndoo, na anapaka kwa viharusi vya kukatana kama herufi X, akifunika kipande cha kama sentimita 80 kwa 80. Kingo za kipande zisinyooke. Ziwe na ghuba na rasi, kama ramani ya ziwa. Glezi inapaswa kuonekana mbichi na yenye mng'ao, lakini isitiririke. Ikitiririka, brashi imebeba kupita kiasi.

Mgongaji anaingia baada ya nusu dakika hivi. Kipande chake cha kanga kimeloweshwa kwa maji na kukamuliwa hadi hakidondoshi, kisha kimekunjwa ovyoovyo mkononi kiwe kama kabichi ndogo yenye mikunjo nje. Anagonga kwa wepesi, ananyanyua, anazungusha kifundo cha mkono kidogo, anagonga tena. Asisugue. Kusikiliza husaidia: kanga ikiwa sawa, kila pigo hutoa mlio mdogo wa kubandua, kama kiganja kinachonyanyuliwa kwenye meza yenye maji; mlio ukififia, glezi imeanza kukauka, na ukiwa wa majimaji, kanga imeshiba na inapaswa kukunjwa upya au kubadilishwa. Mahali pengine agonge mara mbili, pengine mara tano, pengine apaache karibu kama palivyopakwa. Kosa la wanaoanza ni kugonga kwa mpangilio kama anayepiga mhuri, na matokeo yake ni maua yaliyojipanga kwenye mistari.

Sasa jambo lenyewe. Mgongaji asiguse sentimita 10 hadi 15 za mwisho kwenye ukingo unaoelekea sehemu isiyopakwa. Ukingo huo unaachwa ukiwa na glezi nyingi na mbichi. Mpakaji anaanza kipande kinachofuata kwa kuingiza brashi ndani ya ukingo huo mbichi na kutoka nao kuelekea nje, na ndipo mgongaji anapogonga muungano wote kwa pamoja, upande wa zamani na upande mpya. Kwa njia hii kila kiungo kinatengenezwa kikiwa kibichi na hakuna mahali ambapo glezi mpya inalalia iliyokauka. Glezi ikilala juu ya glezi kavu, unene huwa mara mbili na mstari mweusi hutokea, nao haufutiki. Endeleeni hivyo kwa mshazari, kutoka pembe ya juu mkishuka na kusonga mbele, ili ukingo mbichi usiwe mrefu kuliko mikono yenu inavyoweza kuulinda.

Kila baada ya vipande vitatu au vinne, mmoja arudi nyuma hatua tano na kukodoa macho hadi ukuta uwe kama wenye ukungu. Palipokolea zaidi pagongwe tena mara moja kwa kanga safi. Baada ya hapo brashi laini kavu ipitishwe juu juu, kwa uzito wa mkono wenyewe tu, kuelekea pande zote, ili alama kali za mikunjo zilainike. Wengine huacha hatua hii, na ukuta wao huonekana wazi kuwa umegongwa kitambaa. Mimi naiona ndiyo inayofanya macho yaamini lipu.

Kwenye pembe na chini ya dari kanga haifiki, na glezi hukusanyika huko ikafanya fremu nyeusi kuuzunguka ukuta. Tumia brashi ya inchi 1 iliyo karibu kavu, ugonge kwa ncha za nywele zake hadi weusi utawanyike. Ukuta ukiisha, vua tepu glezi ikiwa bado haijakomaa, ukiivuta taratibu kwa pembe kali kurudi nyuma, kisha fungua madirisha.

Anayetaka kufanya kuta zote nne afanye mbili zinazotazamana siku ya kwanza, na nyingine mbili siku ya pili au ya tatu, ili asilazimike kupeleka glezi mbichi kwenye pembe iliyotoka kufanywa.

Tabaka la pili

Kesho yake, glezi ya kwanza ikiwa imekauka kabisa, weka ile ya kahawia. Hii haifuniki ukuta wote. Paka mabaka machache ya ukubwa wa sahani, yasiyolingana umbali, mengi zaidi upande wa chini na kwenye pembe kuliko katikati, kwa kuwa ukuta wa kweli huzeeka huko kwanza, na kila baka uligonge na kulilainisha hadi lipotee kingoni. Pale ambapo tabaka la kwanza lilikupa kiungo kisichopendeza, ndipo mahali pazuri pa kuweka baka. Ukiwa huna hakika kama umeweka ya kutosha, acha hadi asubuhi. Sijawahi kujuta kwa kuacha mapema, lakini nimewahi kujuta kwa kuongeza.

Kosa likitokea

Ndani ya dakika chache za mwanzo, kitambaa chenye maji hufuta glezi na unaanza upya. Baada ya kukauka, usijaribu kusahihisha doa jeusi kwa glezi zaidi. Chukua rangi ya chini kidogo kwenye sponji iliyokamuliwa, gonga juu ya doa na ulivuke kidogo kwa kingo zinazofifia, acha ikauke, halafu rudishia glezi kwa kugonga kwa kanga, si kwa brashi. Michirizi ikauke ndipo isuguliwe kwa msasa 220 na kufanyiwa hivyohivyo.

Kulinda na kusafisha

Chumbani hakuna haja ya kuongeza kitu. Kwenye korido, karibu na meza ya chakula na popote mikono ya watoto inapofika, paka koti moja la vanishi ya maji isiyong'aa baada ya siku mbili. Vanishi ya mafuta usiitumie juu ya rangi za krimu, kwani hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda. Usiusugue ukuta kwa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo kinatosha.

Osha brashi mara moja, na maji ya kuoshea usiyamwage kwenye mfereji wa mtaani wala kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaokwenda mashambani. Chimba shimo dogo mbali na kisima, umwage humo. Glezi iliyobaki iweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, na ubandike karatasi yenye jina na namba ya rangi, vipimo ulivyotumia na tarehe. Ubao wa majaribio nao uhifadhi nyuma ya kabati, ukiwa umeandikwa vivyo hivyo mgongoni, kwa kuwa siku fundi wa umeme atakapotoboa ukuta kupitisha waya mpya, ubao huo ndio utakaokuonyesha rangi ilikuwaje.